Afisa Akigonga Mlango: Marekebisho ya Katiba ya Marekani na Haki za Kudai kwa Mdomo

Barua zinatoka Columbus, Lexington na Dallas, na nyingine zinatoka Dar es Salaam na Nairobi kwa wazazi wenye watoto Marekani. Maneno yanatofautiana, swali ni moja: hizi haki zinazotajwa kila siku kwenye filamu, Marekebisho ya Kwanza, ya Nne, ya Tano, mimi zinanihusu nini? Na nikisimamishwa na polisi nizitumieje?

Zinakuhusu kuliko unavyodhani. Ila zinamsaidia yule anayezidai kwa maneno, mapema, bila kupandisha sauti. Nyingi hupotea bila mtu kunyang'anywa. Mwenyewe huzitoa kwa kuitikia "ndiyo afande" pale ambapo hakulazimika. Yanayofuata ni namna ya kutozitoa bila kujua. Hayachukui nafasi ya wakili, maana kila jimbo kati ya yale 50 lina katiba yake na sheria zake, na kesi yako ina mambo yake.

Kwanza, uijue sura ya kitabu

Katiba ya Marekani iliandikwa Philadelphia mwaka 1787 na ina ibara saba tu. Nyuma yake yamefuata marekebisho 27. Msomaji aliyezoea Katiba ya Tanzania, ambamo maneno mapya huingizwa mahali pake na ya zamani kuondolewa, hupotea hapa. Wamarekani hawafuti, wanaongeza mwishoni. Ukiifungua leo bado utakuta kifungu kilichowahesabu watumwa kwa sehemu tatu kati ya tano, ingawa kilikufa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Utakuta Marekebisho ya 18 ya mwaka 1919 yakipiga marufuku pombe, kisha ya 21 ya mwaka 1933 yakiyatangua. Anayesoma kuanzia mwanzo na kuishia njiani anaweza kuondoka na sheria iliyokwisha kuzikwa.

Kwa hiyo anza nyuma. Kwa maisha ya kila siku haya yanatosha:

- Ya Kwanza: dini, kusema, vyombo vya habari, kukusanyika, na kuilalamikia serikali.
- Ya Nne: upekuzi na ukamataji.
- Ya Tano: kutolazimishwa kujitia hatiani, na kutonyang'anywa uhuru au mali bila kufuata sheria.
- Ya Sita: wakili, mashahidi, na kesi mbele ya jopo la raia wa kawaida.
- Ya Nane: dhamana isiyopita kiasi, na marufuku ya adhabu za kikatili.
- Ya 14 (1868): uraia kwa kuzaliwa, na ulinzi sawa wa sheria katika majimbo.
- Ya 15 (1870), ya 19 (1920), ya 24 (1964) na ya 26 (1971): kura, isizuiwe kwa rangi, jinsia, kutolipa kodi, wala umri ukishafika miaka 18.

Kumi ya kwanza yaliridhiwa pamoja mwaka 1791. Ya Pili, ya silaha, nitayagusa baadaye. Ya Tatu yanazuia wanajeshi kulazwa nyumbani kwako wakati wa amani bila ridhaa yako, na sijapata kumsikia msomaji aliyeyahitaji.

Jambo moja la kukuokoa na uvumi: Rais hawezi kubadilisha Katiba, na saini yake haihitajiki kabisa. Kwa kawaida pendekezo hupita kwa theluthi mbili ya Baraza la Wawakilishi na theluthi mbili ya Seneti, kisha robo tatu ya majimbo, yaani 38, yaridhie. Kazi hiyo ni ngumu. Marekebisho ya 27 yalipendekezwa mwaka 1789 yakaridhiwa 1992, baada ya kampeni iliyoanzishwa na mwanafunzi wa chuo kikuu Texas, Gregory Watson, aliyeandika insha juu yake akapewa alama C. Mtu akikuambia "Rais amebadilisha katiba", mwulize ni majimbo mangapi yameridhia. Januari 2025 Rais Trump alitia saini amri ya kuwanyima uraia wa kuzaliwa baadhi ya watoto wa wageni. Amri ile ilipingwa mahakamani papo hapo, na majaji wa ngazi za chini wakaizuia wakitegemea Marekebisho ya 14 na kesi ya Wong Kim Ark ya mwaka 1898. Kabla hujaamini ujumbe wa sauti wa WhatsApp kuhusu uraia wa mtoto wako, mwulize wakili suala hilo limefikia wapi.

"Mimi si raia. Nimo?"

Umo. Marekebisho ya Nne yanalinda watu; ya Tano na ya 14 yanamlinda mtu yeyote. Mwaka 1886 Mahakama ya Juu ilimpa ushindi Yick Wo, dobi Mchina wa San Francisco ambaye hakuwa raia, baada ya jiji kuwanyima madobi Wachina vibali huku likiwapa wengine. Mahakama ilisema ulinzi wa Marekebisho ya 14 hauishii kwa raia. Mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe iliyotoka Texas, iliamua kwamba mtoto asiye na karatasi hawezi kufungiwa mlango wa shule ya umma.

Yafuatayo lakini yanasubiri kiapo cha uraia:

- kupiga kura katika uchaguzi wa kitaifa;
- kukaa kwenye jopo la mahakama ya shirikisho;
- pasipoti ya Marekani;
- uhakika wa kutorudishwa ulikotoka.

Hilo la mwisho ndilo watu wanalolichanganya. Kulindwa na Katiba ni jambo moja, kuwa na haki ya kubaki nchini ni jambo jingine. Afisa anaweza kukosea namna alivyokukamata na bado kesi yako ya uhamiaji ikaendelea. Kwa hiyo usisikilize anayekwambia "ukijua haki zako huwezi kurudishwa". Anakudanganya, hata kama nia yake ni njema.

Na jingine dogo lenye uzito: mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, aliyefikisha miaka 18 anatakiwa kisheria kutembea nayo. Nakala iache nyumbani kwa mtu unayemwamini.

Katiba inaifunga serikali, haimfungi bosi wako

Hapa ndipo penye malalamiko mengi na matumaini mengi ya bure. Mfanyakazi wa ghala anaandika maneno makali kuhusu kampuni yake kwenye Facebook, anafukuzwa, analia kwamba Marekebisho ya Kwanza yamevunjwa. Hayajavunjwa. Yanaizuia serikali: polisi, shule ya umma, jiji, jimbo, Bunge. Kampuni binafsi, mwenye nyumba, kanisa, msikiti na mtandao wa kijamii havimo.

Je, mwajiri binafsi anaweza basi kumfukuza mwanamke kwa sababu ya hijabu? Hapana, lakini kinachomzuia ni sheria ya kawaida, siyo Marekebisho. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inawabana waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi wasibague kwa rangi, dini, jinsia au asili ya mtu. Sheria ya Makazi ya 1968 inafanya hivyo kwenye nyumba. Tofauti hii ina faida kwako, kwa sababu inakuonyesha mlango wa kugonga. Ubaguzi wa kazini unapelekwa kwenye tume ya shirikisho iitwayo EEOC, na muda wake ni siku 180 tangu tukio, au 300 katika majimbo mengi yenye chombo chao cha kushughulikia ubaguzi. Wengi hukaa wakisubiri "Mungu atalipa" hadi siku zinapita.

Wala usitafute humo haki ya matibabu, nyumba au maji. Mkenya aliyezoea Ibara ya 43 ya Katiba yake ya 2010 atashangaa, lakini Katiba ya Marekani haina kifungu kama hicho.

Ukisimamishwa ukiwa ndani ya gari

Nyumbani, dereva akisimamishwa na trafiki hushuka, husalimia, huzunguka nyuma ya gari na mazungumzo yakaanza. Marekani ukifanya hivyo unaweza kuelekezewa bastola. Sitanii. Fuata mpangilio huu:

1. Washa kiashiria, punguza mwendo, simama mahali salama upande wa kulia.
2. Zima injini. Usiku washa taa ya ndani. Teremsha kioo.
3. Mikono yote juu ya usukani. Abiria nao waweke mikono mahali inapoonekana.
4. Usiingize mkono mfukoni wala kwenye kiboksi cha dashibodi kabla hujaulizwa. Ukiulizwa, sema kwanza: "Leseni iko mfuko wa nyuma, naitoa."
5. Toa leseni, kadi ya gari na bima. Vitu hivi haki ya kunyamaza haivigusi.
6. Ukiambiwa ushuke, shuka. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 1977 kwamba polisi anaweza kumwamuru dereva ashuke, na mwaka 1997 ikawajumlisha abiria. Usianze kubishana.
7. Ukiisha kupewa tiketi au onyo, uliza: "Je, niko huru kuondoka?" Tangu uamuzi wa mwaka 2015, polisi hawezi kuendelea kukuweka barabarani kumsubiri mbwa wa kunusa kama shughuli ya kosa la barabarani imekwisha na hana sababu nyingine ya kukushuku.

Usimpe afisa noti, iwe kwa utani au iliyokunjwa ndani ya leseni. Chai ya trafiki kule ni kosa kubwa la jinai, na tiketi ya dola mia inageuka kesi inayoweza kufunga njia yako ya uraia.

Kama umekunywa, kipimo cha pombe kwa pumzi kina kanuni zake. Kukataa kipimo mara nyingi kunakunyima leseni hata kama hukupatikana na hatia.

Swali lenye adabu kuliko yote

"Hakuna shida nikiangalia kwenye buti, sivyo?" Linaulizwa kwa tabasamu, na sisi tuliolelewa kutomkatalia mgeni tunasema "hakuna shida". Hapo Marekebisho ya Nne yamekwisha. Polisi anahitaji hati ya jaji, au sababu ya msingi ya kuamini kuna kosa, au ridhaa yako; ridhaa ndiyo rahisi kwake kuipata. Tena mwaka 1973 Mahakama ya Juu ilisema polisi halazimiki kukwambia kwamba unaweza kukataa. Kujua ni kazi yako.

Sema: "Samahani afande, sikubali kupekuliwa." Kisha tulia. Akipekua hata hivyo, usimzuie kwa mkono wala mwili. Maneno yako yatamsaidia wakili baadaye kuomba ushahidi utupwe. Mkono wako utakuletea shtaka la pili.

"Nikikataa si nitaonekana nina hatia?" Machoni pake labda. Kisheria, kukataa peke yake hakumpi sababu ya kukupekua. Kumbuka lakini kwamba gari lina ulinzi mdogo kuliko nyumba: akiona kwa macho chupa iliyofunguliwa au silaha kitini, hahitaji ruhusa yako wala hati.

Simu ni jambo jingine. Tangu kesi ya Riley ya mwaka 2014, hata ukiwa umekamatwa, polisi anahitaji hati ya jaji kuingia ndani ya simu yako. Usifungue, usitoe namba ya siri, hata kama ni "kuangalia tu picha moja". Uwanja wa ndege ukitokea nje ya nchi hali inabadilika. Maafisa wa mpakani wana mamlaka mapana ya kukagua vifaa, na mgeni wa viza anayekataa anaweza kurudishwa na ndege. Mwenye nyaraka nyeti asisafiri nazo kwenye simu.

Kunyamaza kunahitaji kusema

Filamu zimetufundisha vibaya. Watu wanadhani polisi asipowasomea haki zao, kesi inafutwa. Kanuni ya kesi ya Miranda ya mwaka 1966 inahusu mtu aliye chini ya ulinzi *na* anayehojiwa. Pale barabarani kwa maswali ya kawaida haihitajiki. Na ikikosekana pale ilipohitajika, kinachotupwa kwa kawaida ni maelezo uliyotoa, siyo kesi nzima.

Kosa la pili ni kukaa kimya tu. Mwaka 2010, katika kesi ya Thompkins, mtuhumiwa alikaa karibu saa tatu bila kusema kitu cha maana, kisha akajibu swali moja, na jibu lile likatumika dhidi yake. Mahakama ya Juu ilisema anayetaka haki ya kunyamaza aidai waziwazi. Na uwazi wenyewe ni wa kweli kweli. Mwaka 1994 mtu aliyesema kwamba labda angepaswa kuzungumza na wakili alionekana hajaomba wakili. Ndugu zangu wa "labda", "kama inawezekana" na "naomba radhi", hapa adabu yetu inatuponza.

Kariri sentensi hizi tatu, na uzifanyie mazoezi kwa Kiingereza na mtu anayekijua vizuri:

- "Je, niko huru kuondoka?"
- "Sikubali kupekuliwa."
- "Natumia haki yangu ya kunyamaza. Nataka wakili."

Baada ya ile ya tatu, funga mdomo. Usieleze kidogo "ili waelewe". Ukiomba wakili mahojiano yanapaswa kusimama, lakini ukianzisha mazungumzo mwenyewe umejifungulia mlango. Katika baadhi ya majimbo unatakiwa kutaja jina lako ukisimamishwa kwa kushukiwa, litaje. Jina la uongo, tarehe ya uongo, kadi ya mtu mwingine, usithubutu. Kumdanganya afisa wa shirikisho ni kosa la kifungo cha hadi miaka mitano, wakati kunyamaza si kosa.

Hodi mlangoni

Kwetu mlango ukigongwa unaitikia "karibu" kabla hujajua ni nani. Achana na desturi hiyo ukiwa na wasiwasi. Nyumba ndiyo mahali Marekebisho ya Nne yana nguvu kuliko popote, na ukipisha njia kwa mkono, afisa anaweza kuhesabu kwamba umemkaribisha.

- Zungumza mlango ukiwa umefungwa. Uliza ni nani na wametoka idara gani.
- Wakisema wana hati, waombe waipitishe chini ya mlango au waionyeshe dirishani.
- Angalia mambo manne: jina la mahakama, saini ya *jaji*, anwani yako iliyo sahihi, na tarehe.
- Kama haina saini ya jaji, sema: "Sikubali mwingie."

Karatasi za maafisa wa uhamiaji, ICE, mara nyingi zimetiwa saini na afisa mwenzao, siyo jaji. Kanuni iliyozoeleka kwa miaka mingi ni kwamba karatasi hiyo haiwapi ruhusa ya kuingia ndani ya nyumba bila ridhaa yako. Jambo hili limekuwa likibishaniwa vikali hivi karibuni, kwa hiyo ushauri wangu ni huu: sema kwamba hukubali, rekodi kama unaweza, na wakiingia kwa nguvu usisukumane nao wala usikimbilie dirisha la nyuma.

Mnaoishi wengi nyumba moja, kaeni kikao. Mwenzako anaweza kuruhusu upekuzi wa sebule na jiko mnavyotumia pamoja wewe ukiwa kazini. Ukiwepo na ukakataa mlangoni, kukataa kwako kuna nguvu. Mahakama ilisema hivyo mwaka 2006. Watoto nao wafundishwe. Mara nyingi anayefungua mlango ni mtoto wa miaka tisa anayejua Kiingereza kuliko wote.

Mbele ya jaji

Katika kesi ya jinai inayoweza kukupeleka gerezani, asiye na uwezo hupewa wakili bure. Hilo limetokana na kesi ya Gideon ya mwaka 1963. Usimdharau wakili huyo wa bure. Wengi ni hodari, wana mafaili mengi tu. Mahakama ya uhamiaji ni habari tofauti kabisa. Kesi zake si za jinai, na wakili huko ni kwa gharama yako au ya shirika la msaada. Anayekwenda mikono mitupu akidhani atapewa wakili pale pale huwa amechelewa.

Kesi nyingi za jinai huishia kwenye makubaliano: ukiri kosa dogo, adhabu ipungue. Raia anaweza kutoka hapo na faini. Asiye raia anaweza kutoka na faini ile ile, kisha miaka miwili baadaye akakamatwa ili arudishwe kwao. Tangu kesi ya Padilla ya mwaka 2010 wakili wako wa jinai ana wajibu wa kukushauri kuhusu hatari hiyo. Muulize mwenyewe kabla hujakiri chochote: "Kukiri huku kutafanya nini kwa kadi yangu ya kijani?" Akisema hajui, omba muda.

Kuhusu mkalimani nina maneno zaidi, kwa sababu hapa watu wanaumia kimya kimya. Omba mkalimani hata kama Kiingereza chako kinatosha dukani. Kisha taja Kiswahili *chako*. Mtu wa Bukavu au Kalemie akipewa mkalimani wa Mombasa, wote wanasema Kiswahili na bado wanaweza kupishana kwenye jambo la msingi. Inua mkono useme: "Sijamwelewa mkalimani." Usiitikie "ndiyo" kwa heshima ya jaji. "Ndiyo" yako inaandikwa, na haitaandikwa kwamba ilikuwa ya heshima. Wala usimfanye mwanao kuwa mkalimani wa mahakamani.

Na yule ndugu anayejaza fomu za watu sebuleni kwake kwa dola 200? Anaweza kuwa mwema. Lakini ushauri wa kisheria wa uhamiaji unatolewa na wakili au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria tu. Akikosea tarehe, saini iliyoko chini ya fomu ni yako.

Mitego mitatu ya asiye raia

*Kura.* Unakwenda kuchukua leseni ya udereva, karani anauliza kama unataka kuandikishwa kupiga kura, unasema ndiyo kwa sababu umezoea kuitikia. Miezi baadaye unapata kadi ya mpiga kura, unapiga kura ukijivunia nchi mpya. Kwa asiye raia hilo ni kosa la jinai katika uchaguzi wa kitaifa, na linaweza kukurudisha ulikotoka hata uwe na kadi ya kijani ya miaka 15. Soma kila kisanduku. Penye "Mimi ni raia wa Marekani" usitie alama kama si kweli, iwe kwenye fomu ya kura, ya kazi au ya mkopo. Ukigundua umeandikishwa, nenda kwa wakili wa uhamiaji kabla ya kwenda kokote kwingine.

*Bangi.* Duka lina leseni ya jimbo, taa zinawaka, watu wamepanga foleni. Kwa sheria ya shirikisho bado ni marufuku, na uhamiaji ni jambo la shirikisho. Kukiri tu kwamba ulivuta, au kufanya kazi katika duka hilo, kunaweza kukwamisha uraia.

*Silaha.* Marekebisho ya Pili, kwa tafsiri ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2008, yanalinda haki ya mtu binafsi kuwa na silaha ya kujilinda. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwenye kadi ya kijani, lakini inamkataza asiye na karatasi na wengi wa wenye viza za muda. Kabla hujashika bunduki ya rafiki porini kwa ajili ya picha, jua uko kundi gani.

Watoto shuleni

Mtoto wako halazimiki kuisalimu bendera. Hilo liliamuliwa mwaka 1943, katika kesi ya wazazi waliokuwa Mashahidi wa Yehova huko West Virginia. Anaweza pia kutoa maoni yake kwa amani bila kuvuruga masomo. Lakini begi lake halina ulinzi wa nyumba: tangu 1985 mwalimu anaweza kulipekua akiwa na sababu ya maana tu, bila hati.

Mtihani wa uraia, na wazee wetu

Walioomba uraia kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 wanajiandaa kwa orodha ya maswali 128. Huulizwa hadi 20, na 12 sahihi yanatosha. Marekebisho yamo mengi humo. Jambo ambalo familia nyingi hazilijui ni nafuu ya umri. Mwenye miaka 50 na kadi ya kijani kwa miaka 20, au miaka 55 na kadi kwa miaka 15, husamehewa mtihani wa Kiingereza na hujibu maswali ya uraia kwa lugha yake, akiwa na mkalimani. Aliyefika miaka 65 na kadi kwa miaka 20 hupewa pia orodha fupi ya maswali 20. Bibi anayesema "mimi siwezi, Kiingereza kimenishinda" anaweza kuulizwa kwa Kiswahili nini maana ya uhuru wa dini, na atajibu vizuri kuliko wajukuu zake. Mtanzania akumbuke kwamba sheria ya kwao haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, Mkenya anaruhusiwa.

Tukio likishapita

Ukiona haki yako imevunjwa, yanayofuata ni ya siku ile ile:

- Andika jina la afisa, namba ya beji, namba ya gari la doria, saa na mahali. Usitegemee kumbukumbu.
- Piga picha za majeraha, nenda hospitali, tunza karatasi za hospitali.
- Pata majina na simu za walioona. Kamera ya duka la jirani inaweza kujifuta baada ya siku chache. Muombe mwenye duka aihifadhi.
- Usiweke video mtandaoni kabla hujaongea na wakili. Naijua hasira hiyo, ila wakili wa upande wa pili naye ana intaneti.

Sheria ya mwaka 1871, iliyotungwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, inamruhusu mtu yeyote kumshtaki afisa wa jimbo au wa jiji aliyevunja haki zake za kikatiba. Mafanikio si rahisi, kwa kuwa mahakama zimewapa maafisa kinga pana. Tena muda hutofautiana kwa jimbo. Kwa baadhi ya madai dhidi ya jiji la New York, notisi inatakiwa ndani ya siku 90, na siku hizo zinahesabiwa hata kama bado umelazwa. Kwa hiyo wakili apigiwe simu wiki ile ile, na ndugu yako ndiye apige kama wewe huwezi.